Mnara wa Midomo Minne

Mdomo wa Bemani ndio uliozua yote haya, na mwenyewe hakukataa. Kiangazi chake cha kwanza Ardakan, ndoa yake ikiwa na miezi minne tu, alikuwa amekaa na wakwe zake chini ya mnara wa upepo wa nyumba yao, ule unaonasa upepo juu ya paa na kuushusha chumbani, wanakula tikiti maji. Upepo unashuka vizuri, mama mkwe keshaanza kusinzia, na badala ya kula akashukuru, bibi harusi akatazama juu akasema, "Kwetu Yazd minara ina midomo minne. Upepo utoke utakako, unaingia."

Mama mkwe, Bibi Shahrbanu, alifumbua jicho moja. "Na wetu una mdomo mmoja, mwanangu, na bado natafuta shali. Hiyo mitatu iliyobaki tumewaachia wake wa wana wetu."

Wote walicheka, na Bemani naye akacheka, ingawa masikio yalimwaka moto. Baba mkwe wake, Fundi Barat, ndiye aliyejenga nusu ya minara ya Ardakan, na yote ina mdomo mmoja unaotazama upande wa Isfahani. Mtu mwingine angejibu. Yeye alitema mbegu ya tikiti, akafuta ndevu, akasema tu, "Yazd ni mji mkubwa," kisha akajinyoosha akalala.

Maneno hayana miguu lakini hutembea. Haya yalipanda basi la Yazd pamoja na shangazi mmoja mwenye kusahau kila kitu isipokuwa ya watu, na yalipofika kwa baba yake Bemani, Fundi Heydar, yalikuwa yamenenepa: binti anaumwa na joto ugenini, hana hata pumzi. Fundi Heydar naye alikuwa fundi wa minara, tena wa sifa, ila alikuwa na donda moja moyoni. Kwetu upande wa bibi harusi ndio unaoijaza nyumba, kuanzia zulia hadi upawa, na vyombo hivyo, jihazi ya Bemani, vilitoka mlangoni juu ya punda mmoja. Mmoja! Majirani walisimama wakihesabu kwa macho, na fundi mzima alitazama chini mpaka punda alipokata kona.

Kwa hiyo majira ya maua yalipofuata, Kazem mume wa Bemani alipoanza kujenga chumba chao wenyewe ukuta kwa ukuta na nyumba ya baba yake, barua ilikuja kutoka Yazd: "Mnara ni wangu. Mtu asiweke tofali. Ni jihazi ya binti yangu iliyokuwa imebaki." Basi, jihazi haikataliwi. Bora ukatae salamu.

Fundi Heydar alikuja juu ya lori la makaa, na timazi yake mfukoni, akajenga wiki tatu. Alijenga vizuri, hilo aseme nani vinginevyo. Nguzo nyembamba, mapambo ya plasta juu ya kila tao, midomo minne inayotazama pande nne za dunia, na ndani ya mnara kuta nyembamba zilizokatizana, ili kila mdomo uwe na njia yake ya kushukia. Watu wa mtaa walipita wakirefusha shingo.

Hapo sasa ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa letu wenyewe. Watu wasio na adabu kama yetu wasingeliweza. Fundi Barat alijua. Alijua tangu tofali la kwanza kwamba Ardakan si Yazd, kwamba hapa upepo mwema ni mmoja tu, ule wa Isfahani, na kwamba pande tatu zilizobaki ziko wazi kwa jangwa. Ila huyu ni mgeni wake, tena mkwe, tena kaleta zawadi. Utamwambiaje? Alikesha akitunga maneno, na asubuhi akampelekea chai mwenyewe hadi juu ya paa.

"Mkwe, mikono yako isiumwe," alianza. "Kazi hii ni nuru ya macho. Mimi ni nani hata niseme? Sisi watu wa huku, kwa ushamba wetu, tumezoea mdomo mmoja. Upepo wa jangwani nao, Mungu ausamehe, huja na vumbi kidogo. Lakini nyinyi wa Yazd mmeona mengi. Labda hata vumbi litaona haya kuingia kwenye mnara mzuri namna hii."

Fundi Heydar aliweka mkono kifuani. "Mkwe, unyenyekevu wako unaniumbua. Sifa zote hizi mimi sistahili."

"Unastahili na zaidi."

"Ni wema wa macho yako."

Wakainamiana mara tatu, chai ikapoa, na Fundi Barat akashuka ngazi akijua kwamba ameonya na hakuonya. Penye wazee, wanasema, haliharibiki neno. Hapa walikuwepo wawili.

Mnara ulikamilika, watu wakala wali wa zafarani, na Fundi Heydar akarudi Yazd amekaa mbele kwenye lori, kidevu juu. Bemani hakuwahi kumwona baba yake na uso ule tangu siku ya punda. Alijiapia kwamba uso huo hautainama tena, hata iweje.

Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu. Bemani alikuwa na mimba ya miezi saba, mzito, na kila adhuhuri alijilaza chini ya mnara, matango yakiwa ndani ya beseni la maji kando yake, upepo ukimpapasa shingo. Alimwita mama mkwe aje aone. Bibi Shahrbanu alikaa, akasikilizia, akatafuta kasoro na kuikosa. "Haya," alisema, "umeshinda. Nipe tango."

Kisha ikaingia arobaini ya joto, zile siku arobaini kali kuliko zote za kiangazi, na upepo wa jangwani ukaja kuamkia.

Uliingia kwa midomo mitatu kwa pamoja, na haukuja mikono mitupu. Bemani alikuwa amelala. Aliamka ana meno yanayosaga mchanga. Zulia lilikuwa halionekani. Supu ilikuwa imegeuka udongo wa kukandika ukuta. Kazem aliporudi kutoka kiwandani, anakosaga ufuta, alisimama mlangoni akamtazama mkewe, nyusi na kope zake zote rangi moja ya vumbi.

"Samahani, bibi," alisema. "Namtafuta mke wangu. Ni kijana kidogo kuliko wewe."

"Kazem, nitakuchapa. Lete ufagio!"

Walifagia hadi magharibi. Kesho yake upepo ukaja tena, na kesho kutwa. Bemani alishona magunia, akaziba njia zote kwa chini kule mnara unapofungukia chumbani; vumbi likapungua, na upepo mwema nao ukakatika, kwa kuwa gunia halichagui. Chumba kikawa tanuri la mkate. Alimwaga maji sakafuni, akaning'iniza mashuka mabichi milangoni, akajifunga kitambaa cha maji kichwani, na bado jasho lilimtiririka mpaka miguu ikavimba. Wakati huo upande wa pili wa ukuta, chini ya mdomo mmoja, wakwe zake walikuwa wanavuta shali.

"Njoo ulale kwetu, mwanangu," Bibi Shahrbanu alimwita kila siku. "Mjukuu wangu atazaliwa keshapikwa."

"Niko sawa, mama. Kwangu kuna baridi, nashukuru."

Angeenda, mtaa mzima ungesema: jihazi ya Fundi Heydar imemfukuza binti yake chumbani. Si kwamba mtaa haukujua. Majirani walikuja kumtembelea, wakanywa chai yenye mchanga chini, wakasema chai hii ina uzito wake, wakaaga. Hakuna aliyetamka neno mnara. Adabu ilikuwa imewakaba wote kooni, na Bemani peke yake ndiye aliyekuwa akifa na joto.

Halafu barua ikaja. Fundi Heydar alikuwa na furaha hata mwandiko wake ulikwenda mbio. Angefika Alhamisi na mafundi wenzake wawili, Fundi Safar na Fundi Mirak, aliokuwa amewasimulia habari za mnara mpaka wakachoka, sasa waje waone kwa macho. Bemani aliwajua. Siku ya punda, hao wawili walikuwa mstari wa mbele.

Alisoma barua mara mbili, akaketi juu ya zulia lake dogo, akalia. Alilia kwa joto, kwa miguu, na kwa baba yake. Kisha akajifuta, maana machozi na vumbi ni matope, akaenda kwa Fundi Barat aliyekuwa ananoa shoka lake la matofali.

"Baba," alisema, "nataka kuziba midomo mitatu."

Fundi Barat hakujifanya kushangaa, na hilo Bemani alilishukuru. Aliendelea kunoa. "Mwanangu, nimekuwa nikiomba kila siku uje useme hivyo. Lakini siwezi. Fundi hagusi ukuta wa fundi mwenzake bila ruhusa yake. Nikiweka tofali moja pale, nimemtukana baba yako kuliko vumbi linavyomtukana."

"Basi nielekeze, nifanye mimi."

"Kuelekeza pia ni kugusa."

"Ala! Kwa hiyo Alhamisi baba yangu na wageni wake wale mchanga?"

Mzee alipima makali ya shoka kwa kidole gumba. "Kesho alfajiri," alisema hatimaye, "nitakuwa juu ya paa langu. Nina mazungumzo na paka."

Alfajiri Kazem alikanda udongo na majani makavu uani, akapandisha matofali mabichi juu ya paa, akaegemeza ngazi kwenye mnara. Bemani alipanda ngazi za nyumba taratibu, mkono kiunoni, na kukaa juu ya mto. Alitaka kupanda mnarani mwenyewe. Kazem aliapa atajirusha kisimani. Kwa hiyo mwanamume ndiye aliyepanda, mikono yake laini ya mafuta ya ufuta ikishika tofali utadhani linaunguza.

"Usiliweke usoni mwa mnara!" Bemani alimkaripia. Utotoni alimchanganyia baba yake udongo miaka sita, na macho yake hayakuwa yamesahau. "Liingize ndani shubiri mbili. Kivuli kibaki mbele. Mtu akisimama chini aone giza tu, aamini ni mdomo wazi."

"Shubiri zangu au zako?"

"Za mtu mwenye akili!"

Kwenye paa la pili, Fundi Barat alikuwa amewapa mgongo. Mbele yake amekaa paka mzee wa kijivu, anajilamba. "Paka wangu," alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "ungekuwa wewe unaziba mdomo, ungeanza na upande wa mashariki kabla jua halijakuchoma."

Kazem akahamisha ngazi upande wa mashariki.

"Na tena, paka, wewe si mjinga. Ule wa Isfahani huugusi hata kwa mkia. Na siku ya joto ungeacha dirisha la uani wazi, maana upepo usipoona pa kutokea hauingii."

"Anasema kweli huyo paka?" Kazem aliuliza.

"Nyamaza uweke udongo," Bemani alisema, anacheka kwa mara ya kwanza tangu arobaini ianze.

Walimaliza kabla ya jua kuwa kali. Bemani alishuka, akatoa magunia, akafungua dirisha la uani, akalala chini ya mnara. Upepo wa Isfahani ulimshukia peke yake, safi, hauna punje. Alilala mpaka alasiri, na mtoto tumboni naye akatulia.

Alhamisi wageni walifika saa tano. Fundi Safar alikuwa mnene, Fundi Mirak mwembamba, na wote wawili walizunguka uani wakitazama juu, wakigusana viwiko. Midomo minne, nguzo nyembamba, mapambo. "Mashallah, Heydar," alisema Fundi Mirak, na kwake yeye hayo yalikuwa maneno mengi. Fundi Heydar alikuwa amevaa koti jipya juani, na kidevu chake kilikuwa pale pale alipokiacha kwenye lori.

Waliketi chumbani, Fundi Barat na Bibi Shahrbanu nao wamealikwa. Mkate ukawekwa, sharubati ikamiminwa. Na ndipo, kana kwamba nao umealikwa, upepo wa jangwani ukainuka. Ukakipiga kile chumba kwa nje. Mlango wa barabarani ukagonga, uani kukawa na rangi ya mchuzi wa manjano. Kazem alikimbia kufunga dirisha. Fundi Safar akafunika bilauri yake kwa mkono, akasubiri.

Hakikuanguka kitu. Kwa juu mnara ulinguruma kidogo, na sharubati ikabaki sharubati.

Fundi Safar aliondoa mkono. "Midomo minne katikati ya jangwa," alisema, "na hakuna hata chembe! Heydar, umeufanyaje?"

Fundi Heydar alikuwa ameinuka. Alikwenda akasimama chini ya mnara, mahali njia nne zinapofungukia, akanyoosha kiganja kwenye njia ya kwanza. Akahamia ya pili. Akahamia ya tatu. Bemani alimtazama. Alikuwa amewadanganya mafundi wawili kwa kivuli cha shubiri mbili; hakuwa amefikiria kwamba mkono wa baba yake haudanganyiki. Fundi Barat alikuwa anakoroga sharubati isiyo na kitu cha kukorogwa.

"Naomba ngazi," Fundi Heydar alisema.

"Baba, kuna vumbi huko nje," alisema Bemani.

"Nimeona."

Alitoka akajifunika pua kwa kitambaa. Wakamsikia juu, hatua zake, ngazi ikilia. Akakawia. Bemani alitamani zulia limmeze. Kwa nini hakumwandikia? Kwa nini alimwacha aje aligundue mbele ya watu wale wale? Alijiona mwizi aliyeiba kitu cha baba yake mwenyewe.

Fundi Heydar alirudi mweupe kwa vumbi kuanzia kofia hadi koti jipya. Akawatazama wenzake.

"Mabwana, sifa rudisheni," alisema. "Nilijenga midomo minne mahali panapotaka mmoja. Mitatu imezibwa. Kama si hivyo, sasa hivi mngekuwa mnakula jangwa."

Fundi Barat aliweka bilauri chini. "Mkwe, naapa kwa mkate huu, mkono wangu haukuugusa mnara wako."

"Najua haukuugusa. Matofali yale yamepangwa na mtu anayekata halwa." Kazem akajitazama miguu. "Lakini vipimo, mkwe... vipimo ni vya mtu anayejua." Akamgeukia binti yake, akamtazama muda mrefu, kisha bila kutarajia akamrudia Fundi Barat, akaanza kucheka, vumbi likimdondoka ndevuni. "Na wewe, mkwe! Uliniambia! Siku ile ya chai, uliniambia, ukanisifu mno hata sikukusikia!"

"Ningekwambiaje? Wewe mgeni!"

"Ungesema, 'Heydar, pumbavu wewe, ziba!'"

"Mkwe wangu? Kwenye paa langu?" Fundi Barat alishtuka kweli kweli, kisha akafikiri, kisha akajaribu, polepole, kama anayeonja supu ya moto. "Heydar... pumbavu wewe."

"Ehee! Mbona linatoka vizuri?"

Bibi Shahrbanu alijifunika shali usoni, mabega yanatikisika. Fundi Safar alicheka mpaka akamwaga sharubati ambayo jangwa lilishindwa kuichafua. Hata Fundi Mirak alionyesha jino.

Upepo ulipotulia, Fundi Heydar alivua koti. Matofali ya Kazem, alisema, yataanguka mvua ya kwanza, na yeye hatalala Yazd huku binti yake na mjukuu wake wako chini ya kazi ya namna ile. "Nawe njoo," alimwambia Fundi Barat. "Ruhusa unayo. Lete mikono." Wazee wawili wakapanda, Kazem nyuma yao na ndoo.

Bemani alijilaza chini ya mnara. Kutoka juu sauti zilimshukia pamoja na ubaridi.

"Umepinda hapo!"

"Macho yako ndiyo yamepinda!"

"Hiyo ni timazi au kamba ya mbuzi?"

Bibi Shahrbanu alikunja uso. "Wanagombana hao?"

"Waache, mama," Bemani alisema. Aliwasikiliza kwa raha ambayo hakuwa ameipata chini ya mnara wowote, wala wa Yazd wala wa Ardakan.

Mara makelele yakakoma. Sauti ya baba yake ikaja kupitia njia ya upepo, karibu kabisa. "Fundi! Huu wa mashariki, matofali uliyaingiza shubiri ngapi?"

Huku chini, Bemani akangoja baba mkwe aseme.

"Mkwe, mimi wa mashariki sikuuziba," Fundi Barat alisema.

"Nani kakuuliza wewe?" alisema Fundi Heydar. "Namwuliza fundi aliye chini."

Bemani aliinuka kwa kiwiko.

"Mbili, baba," alijibu.